Chumvi ya Barafu

Barafu ya baharini, ukiiyeyusha, maji yake yana chumvi au hayana?

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoulizwa swali hilo, Jumamosi moja asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa letu pale Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, mbele ya watoto wenzangu waliokuwa wanasubiri juisi. Nikajibu kwamba yana chumvi, kwa sababu bahari ina chumvi. Mwalimu akaniangalia kwa juu ya miwani yake.

"Umejuaje?"

Akangoja. Alikuwa na subira ya kutisha, anaweza kukungoja mpaka uone haya kuwa na mdomo. Kisha akageukia ubao na kuendelea na somo, wala jibu hakulitoa. Mama yangu alikuwa amekuja kunichukua mapema, na muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Nilidhani nimemtia aibu.

Lile lilikuwa darasa la Kiswahili, la sisi watoto tuliokuwa tunaelewa kila kitu nyumbani na kujibu kwa Kiingereza. Lakini Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia Tanzania kwa miaka mingi, na mifano yake ilitorokea huko kila mara. Mto unatiririka, mito inatiririka. Mlima umelipuka, milima imelipuka. Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, alikuwa hakasiriki. Aliweka kiganja nyuma ya sikio kama mtu aliyepitwa na upepo, akasubiri maneno mengine yaje. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata hivyo, kwa kusubiriwa.

"Umejuaje" lilikuwa neno lake kwa watu wote. Alimuuliza mchungaji baada ya ibada, alimuuliza daktari wake, alimuuliza dereva wa basi aliyetangaza kwamba mvua itanyesha. Mama Brayo, jirani yetu Mkenya ambaye ni nesi, siku moja alimnong'oneza kwamba bwana wa ghorofa ya tatu ameachwa na mkewe.

"Umejuaje?"

"Si gari ya bibi haiko, Mwalimu. Wiki mbili sasa."

"Basi sema gari halipo."

Mimi nililichukua neno hilo nikaondoka nalo. Nilimsumbua nalo mama, nikawasumbua nalo walimu wa sekondari, nikafika nalo chuo kikuu ambako walinipa alama nzuri kwa sababu yake. Watu wakisema nimekuwa mbishi kwa ajili ya kusoma Marekani, huwa nacheka. Nilifundishwa ubishi na mama mtu mzima aliyevaa kitenge juu ya suruali ya joto.

Na hakuwa mtu wa kufuata kanuni yake mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba kukaa kwenye sakafu baridi kunaharibu tumbo la msichana, na kwamba maji ya friji yanaleta kifua. Nilipofika umri wa kuthubutu nilimuuliza amejuaje. Akasema kuna vitu vya kujua na kuna vitu vya kutii, na nisichanganye madaftari.

Baridi aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani. Apatimenti yake ilikuwa na joto la kufukuza wageni. Mwezi wa saba alivaa soksi mbili. Katika miaka yote niliyomjua sikumwona akigusa theluji kwa mkono mtupu, hata ile ya kwanza ya mwaka ambayo watu wazima wote huigusa wakijifanya wanaipangusa kwenye gari. Gari hakuwa nalo. Mahali ambapo kila mtu anaendesha, yeye alipanda mabasi mawili kwenda Minneapolis, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Mama Brayo alimwambia mara nyingi, "Mwalimu, jifunze ku-drive, hii nchi haina miguu." Alijibu kwamba kwenye basi anasahihisha. Kweli alisahihisha: alikuwa na kalamu nyekundu kwenye pochi, na kila tangazo la kanisa lililoandikwa Kiswahili alilirudisha Jumapili iliyofuata likiwa na alama.

Kule kazini aliwasalimia wazee wa Kizungu kwa shikamoo. Wengine walikuwa wamenyooka kuliko yeye, lakini walimzidi umri, na yeye alisema mtu aliyemzidi umri hawezi kumwamkia kwa kumpungia mkono. Akawafundisha kuitikia. Niliwahi kumpelekea funguo alizosahau, nikamsikia bwana mmoja, ambaye niliambiwa hamkumbuki tena hata binti yake, akiitikia "marahaba" bila kugeuza macho kutoka dirishani.

Salamu kwake ilikuwa jambo kubwa. Wanawake wa Nyanda za Juu za Tanzania katika kanisa letu, hata wale wanaovaa suti na kusimamia ofisi, walimsalimia kwa kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya nyumbani kwa mtu mzima. Aliwaitikia kwa kuinamisha kichwa na kuwaacha wamalize. Isipokuwa mama yangu. Mama akianza tu kukunja goti, Mwalimu alimshika kiwiko akamsimamisha, na kila mara alikuwa na sababu. Zulia halijafagiliwa. Utachafua gauni. Umetoka kazini, umechoka. Mara moja ilikuwa ndani ya duka la vyakula, akasema, "Simama mwanangu, watu watadhani umeanguka." Nilimuuliza mama kwa nini yeye anakatazwa. Akasema labda magoti yake yana sauti. Wao wawili, alivyoniambia, walijuana tangu nyumbani, na kwa kuwa watu wazima wote wa kwetu hujuana tangu nyumbani, sikuuliza zaidi. Hilo sasa naliona ajabu, mtu kama mimi kutouliza zaidi.

Mwaka niliomaliza chuo, Mwalimu alitangaza safari. Ilikuwa Jumapili kwenye chai, baada ya ibada, tena alitangaza kama mtu anayetaja siku ya kliniki. Mwishoni mwa kiangazi atapanda meli ndogo ya watalii kutoka visiwa vya juu kabisa vya Norwe, aende kaskazini mpaka kwenye barafu ya baharini, siku kumi, kisha arudi.

Vikombe vikasimama. Kuna waliodhani amepata kazi kwenye meli. Kuna aliyeuliza ni ziara ya kanisa gani. Mzee mmoja akataka kujua kama kiwanja chake cha nyumbani amekwisha kukijenga, na Mwalimu akamuuliza yeye cha kwake kimefikia wapi, mzee akarudi kwenye chai yake. Mama Brayo ndiye aliyesema kilichokuwa kwenye vichwa vya wote.

"Aki Mwalimu, barafu? Januari uje kwangu ukwangue ile ya kwa gari. Hata nitakupea na chai."

"Ile ni ya mvua," Mwalimu akasema. "Mimi naifuata ya bahari."

Mama yangu alikuwa anakata keki. Alisimamisha kisu, halafu akaendelea.

Mimi sikuridhika. Jioni ile nilipanda kwake, nikavua sweta kwa ajili ya joto lake, nikamwambia ukweli: kwamba naona ni upuuzi. Mtu asiyetoka nje bila glavu aende kupigwa na upepo kwenye ncha ya dunia kwa ajili ya nini? Na kama ni lile swali la Jumamosi, jibu lilikuwa kwenye simu yangu, nimeshalitafuta. Nikamsomea. Barafu ya bahari ikiganda hubana chumvi ndani yake, na chumvi hiyo huchuruzika kidogo kidogo. Kwa hiyo barafu changa ina chumvi, na ile iliyokaa miaka kadhaa karibu haina, watu huiyeyusha wakanywa.

"Simu imejuaje?" akauliza.

"Watu wamekwenda, wakaonja."

"Basi na mimi nakwenda kuonja."

Nikamwambia hiyo si sababu. Kisha akanieleza.

Alipokuwa angali kijana kazini, akifundisha shule ya wasichana, alisimama mbele ya Kidato cha Tatu B akasema barafu ya baharini ni chumvi tupu, kwa sababu ndivyo daftari lake la chuo lilivyosema, au ndivyo alivyodhani lilisema. Msichana mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, kama ni chumvi tupu, watu wanaoishi kule wanakunywa nini? Darasa likacheka. Mwalimu alikuwa na vicheko arobaini mbele yake. Akamtoa yule msichana nje kwa utovu wa adabu, akampigisha magoti kwenye varanda ya kokoto vipindi viwili. Kwenye mtihani msichana akaandika tena kwamba inaweza kunyweka. Akamtia mkasi wa kosa kwa wino mwekundu.

"Miaka kumi baadaye nikasoma kwamba alikuwa sahihi," akasema.

"Si ungemwandikia?"

"Nilimpigisha magoti kwa jambo nililolisoma. Siwezi kumwomba radhi kwa jambo nililolisoma. Safari hii nitakuwa nimeonja."

Nikamuuliza huyo msichana yuko wapi sasa. Akasema, "Yupo." Akainuka kupunguza moto wa sufuria ambayo haikuwa na moto.

Kwetu mtu hasafiri bila mizigo ya watu. Ukitangaza kwamba unakwenda mahali, hata kama ni kikao cha siku mbili, utakuta mlangoni mifuko ya kumpelekea shangazi wa fulani. Wiki ya mwisho mifuko ikaanza kufika kwa Mwalimu. Majani ya chai. Unga. Pilipili ya kusaga. Jozi tatu za soksi. Mama Brayo alileta kifurushi kilichoandikwa "Kwa mtu wetu yeyote", na mimi, niliyekuwa nasaidia kufunga sanduku, nikashindwa kujizuia.

"Mnampelekea nani? Dubu?"

"Wewe soma vitabu vyako," Mama Brayo akasema. "Hakuna meli haina Mkenya."

Mama yangu alifika wa mwisho, akiwa na sare ya kazi. Hakuleta mfuko. Alileta chupa tupu ya kioo, iliyokuwa ya juisi, yenye kifuniko chekundu, imeoshwa mpaka inalia ukiigusa. Niliona haya kwa niaba yake. Lakini Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, na hakuitia kwenye sanduku. Aliitia kwenye pochi ya mkononi, kwa sababu ndivyo alivyoamini kila siku: sanduku ni la vitu vyako, amana ya mtu unakaa nayo.

Aliondoka. Akarudi mwezi wa tisa, amekonda kidogo, na Jumapili akasimamishwa atoe ripoti. Tulitarajia picha. Hakupiga hata moja. Alisema mikono yake ilikuwa kwenye glavu. Alituambia kwamba jua la kule wakati ule linazama kidogo tu, kama mtu anayefumba macho bila kulala. Kwamba dubu mweupe akiwa mbali si mweupe, ni wa rangi ya siagi. Kwamba bahari yenye barafu haina kelele ya bahari, inatafuna polepole. Abiria wenzake walikuwa wastaafu wenye kamera ndefu, na mmoja alimuuliza kama yeye ni mfanyakazi wa meli, naye akamuuliza amejuaje.

Na mizigo ilifika. Chini kabisa ya meli, kwenye dobi, alimkuta kijana wa Tanga anayefua mashuka ya abiria, na jikoni akamkuta dada wa Nakuru anayeoka mikate. Alichezesha ujumbe wao wa sauti mbele ya kanisa. Dada wa Nakuru alikuwa anashukuru kwa majani ya chai na sauti inamkatika. Mama Brayo hakuniangalia. Alitazama mbele na kurekebisha kilemba chake taratibu sana.

Kisha akaeleza la barafu. Walishushwa kwenye boti za mpira, na kijana mwongozaji akaopoa kipande kinachong'aa akampa aonje. Mwalimu akamuuliza kimetoka wapi. Kijana akaonyesha mlima wa barafu pwani. Mwalimu akakirudisha majini. Akamwambia hicho kimeshuka mlimani, ni theluji ya zamani, yeye amefuata cha baharini. Wenzake kwenye boti walicheka, kijana hakucheka. Siku ya tatu yake, mbali zaidi, alimwita, akampeleka kwenye bapa kuukuu la barafu lenye nundu za rangi ya buluu, akamkatia kipande kutoka juu.

"Nikavua glavu," Mwalimu akasema. "Nikaonja. Nikajaza chupa."

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasani. Nikauliza, je, yalikuwa na chumvi?

"Mwenye swali atangulie," akasema. "Nikishampa yeye, na wewe utapata."

Nikamuuliza chupa iko wapi. Akasema anayo.

Zikapita baridi mbili. Swali lile hakulitaja tena, na kila nilipomkumbusha alisema siku haijafika. Nyonga ikamsumbua, akaacha kazi, mwanawe akamhamishia kwake Apple Valley, kusini ya mto, kwenye nyumba yenye zulia jipya na ukimya mwingi. Halafu tukasikia kwamba anarudi Tanzania moja kwa moja, baada ya Pasaka.

Nilikwenda kumuaga Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa imebaki madoa tu kandokando ya barabara. Mama alikuwa kazini, akanituma na dagaa na maandazi. Hakupenda kwenda kule hata siku za kawaida. Mama yangu anajua maji kama wengine wanavyojua vitambaa, na alikuwa akisema chai ya Apple Valley ina ladha ya msumari.

Mwanawe alinifungulia akarudi jikoni kwenye vyombo vyake. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, soksi mbili, kalamu nyekundu kwenye mfuko wa sweta. Tuliongea mambo ya kawaida. Aliniuliza kazi, nikamwambia, akauliza kama ninaiamini, nikasema nusu. Akasema nusu si mbaya. Nilipoinuka, akanyanyuka na fimbo yake, akaenda jikoni, akarudi na ile chupa ya kifuniko chekundu. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Mrudishie mama yako chupa yake," akasema. "Nimekaa nayo mno. Mwambie aonje. Mwambie alipata."

Kwetu chombo cha mtu hurudishwa kikiwa na kitu, na kwa pumzi moja nilidhani ni hilo tu. Kisha nikaona mlango wa chumba cha chini cha kanisa, na funguo za gari, na kisu kilichosimama kwenye keki, na kiwiko kile kinachoshikwa kila Jumapili. Nikakaa tena.

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?" nikauliza. "Nitakuja naye kesho."

"Nikimwambia mwenyewe, atapiga magoti."

Nilimpa shikamoo ya kuagana, akaitikia, akaniambia niendeshe polepole daraja la mto, kuna upepo. Sikumuuliza amejuaje.

Mama alirudi saa kumi na moja. Nilimpa ujumbe jikoni, neno kwa neno, kama nilivyopewa. Alikaa kwanza. Alivua kitambulisho cha kazi shingoni, akaikunja kamba yake vizuri. Akafungua chupa, akanusa. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akayazungusha mdomoni taratibu kama anavyoonja chai ya mtu mwingine, na kitu kikapita usoni mwake, nikadhani ni kicheko kinachotaka kutoka.

"Hayana chumvi," akasema.

Akanywa kilichobaki chote, kikombe kwa kikombe, mpaka chupa ikawa tupu. Kisha akaiosha na kuiweka dirishani.

"Nilimwambia," akasema, akiwa amenipa mgongo.

Jioni ile alimpigia simu. Niliwasikia kwa zaidi ya saa nzima. Waliongea habari za masweta gani ya kurudi nayo, uzito wa masanduku, na kama Dar kuna joto wakati ule. La barafu hawakuligusa.

Miaka miwili baada ya hapo nilikutana na mwanawe kwenye harusi, tukaanza kucheka habari za mama yake, kila mmoja na kisa chake. Cha kwake kilikuwa cha uwanja wa ndege wa Ulaya, akanieleza jinsi Mwalimu, akirudi kutoka kwenye barafu, alivyobishana na mkaguzi aliyeikuta chupa ya maji kwenye pochi, kubwa kuliko inavyoruhusiwa, akamwambia ni amana ya mtu, na mkaguzi akayamwaga yote kwenye ndoo mbele ya macho yake, akamrudishia chupa. Alisafiri nayo tupu mpaka nyumbani. Ilikaa tupu kabatini baridi zote mbili. Ile Jumamosi niliyokwenda kumuaga, kabla sijafika, mwanawe alimwona amesimama kwenye sinki la jikoni la Apple Valley kwa muda mrefu, kabla ya kufungua bomba.